Maji Uani, Mbu Nyumbani

Mazungumzo ya kumi na moja

   Kama una kazi mkononi, endelea nayo, mradi uniazime sikio lako kwa dakika chache. Leo nataka tutoke nje pamoja, twende uani nyuma ya nyumba, tukaangalie mahali ambapo mbu wanazaliwa.

Mara nyingi tukizungumza habari ya mbu, tunazungumza habari ya neti. Hilo ni jambo jema, na mwisho wa mazungumzo haya nitairudia neti. Lakini neti humngoja mbu ambaye amekwisha kuota mabawa, amekwisha kuingia chumbani na anatafuta damu. Leo tunataka kumtangulia. Tunataka kumfikia akiwa bado ndani ya maji, hawezi kuruka wala kuuma mtu.

Na hapa kuna jambo moja ambalo nakuomba ulishike, hata kama mengine yote utayasahau. Katika joto la kwetu, mbu huchukua siku saba hadi kumi kutoka yai hadi kuruka. Siku zote hizo anahitaji maji yaliyotulia. Basi ukizunguka ua wako mara moja kila juma, ukayamwaga maji hayo au ukayafunika vizuri, yule mbu hatapata nafasi ya kumaliza safari yake. Siku moja katika juma inatosha, ila iwe kila juma bila kukosa.

Tuone safari hiyo ilivyo. Mbu jike ndiye anayeuma watu, kwa sababu anahitaji damu ili atengeneze mayai. Mbu dume hutosheka na maji matamu ya maua na mimea. Jike akishashiba damu, hupumzika siku mbili tatu mahali penye kivuli, halafu hutafuta maji na kutaga. Kwa mara moja anaweza kutaga mayai mia moja hivi. Mayai huanguliwa na kuwa viluwiluwi, vile vidudu vyembamba vinavyocheza cheza ndani ya maji kama uzi unaojinyonga. Ukikigusa chombo, vyote hukimbilia chini. Ngoja kidogo, utaviona vinapanda tena juu, kwa maana vinavuta hewa kwenye uso wa maji. Baadaye kila kiluwiluwi hubadilika na kuwa kidudu kilichopinda, kichwa kinene na mkia mdogo, mfano wa alama ya mkato tunayoandika daftarini. Hicho hakili chochote. Baada ya siku mbili hivi ngozi yake hupasuka mgongoni, na mbu mzima husimama juu ya maji akikausha mabawa yake. Kutoka hapo anakuja kwako na kwa watoto wako.

Sasa, mama, mbu hawafanani wote. Hapa Kenya kuna aina tatu ambazo ni vizuri kuzijua, kwa sababu kila moja ina maji yake na saa zake.

Wa kwanza ni mbu wa malaria, anayeitwa anofelesi. Huyu huuma usiku, tangu giza linapoingia hadi alfajiri. Akitua ukutani huinua nyuma yake juu, kama mtu anayesujudu. Kwa kawaida hupenda maji yasiyo machafu sana yanayopigwa na jua: madimbwi ya mvua, alama za kwato za ng'ombe, mashimo tuliyochimba udongo wa kukandika nyumba, kingo za mito na mashamba ya mpunga.

Wa pili ni mbu mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni na mwilini. Jina lake ni edesi. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama, wakati watoto wanacheza nje na wewe umeinama unafua. Ndiye anayeleta homa ya dengue, ambayo wazee wetu wa Pwani waliiita kidingapopo, na pia ugonjwa wa chikungunya. Maji yake ni yale tuliyoyaweka sisi wenyewe: mitungi, mapipa, ndoo, matairi, makopo na vifuu.

Wa tatu ni mbu wa rangi ya kahawia anayetuimbia sikioni usiku kucha. Huyu ni kuleksi, naye hapendi maji safi. Hupatikana kwenye vyoo vya shimo vilivyofurika, mashimo ya maji ya kuogea na mitaro iliyoziba. Huku Pwani, yeye pamoja na anofelesi ndio wanaoeneza matende na mabusha.

Umeona basi kwamba ua mmoja unaweza kulea mbu wa aina zote tatu: kwenye dimbwi karibu na zizi, kwenye pipa lililo chini ya paa na kwenye shimo lililo nyuma ya bafu.

Pengine unasema, "Sista, mbona sasa ni kiangazi? Mbu ni wa mvua." Nitakupa habari ya Lamu. Mwaka 2004 kulikuwa na ukame huko Pwani. Katikati ya mwaka huo, ugonjwa wa chikungunya ulilipuka kisiwani Lamu. Neno hilo lenyewe limetoka katika lugha ya Kimakonde, na maana yake ni kujikunja, kwa sababu viungo huuma hadi mgonjwa anatembea amejipinda. Watafiti walipopima damu za watu wa Lamu baadaye, waliona kwamba kiasi cha watu 3 kati ya kila 4 walikuwa wameambukizwa. Kabla ya mwaka kwisha ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa, na mwaka wa 2005 ukavuka bahari hadi Ngazija na visiwa vingine vya Bahari Hindi.

Je, mbu walitoka wapi na mvua hakuna? Walitoka katika vyombo vya maji. Maji yanapokuwa haba, watu huyaweka akiba, na akiba hukaa siku nyingi bila kubadilishwa. Kwa yule mbu mwenye madoadoa, mtungi ulio wazi kivulini ni mahali pazuri kuliko dimbwi lolote. Ndiyo maana nasema kazi ya uani haina msimu. Wakati wa masika tunapigana na madimbwi, na wakati wa kiangazi tunapigana na vyombo.

Mambo hayo hayakuishia mwaka 2004. Mombasa ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2013, na chikungunya ikarudi huko mwishoni mwa mwaka 2017 na kuendelea mwaka 2018. Na wenzetu wa sehemu kavu za nchi wasidhani kwamba hili ni neno la Pwani tu. Mwaka 2023 watafiti wa KEMRI walitangaza kwamba wamemwona Marsabit mbu mgeni wa malaria, aitwaye stefensi. Huyu ni anofelesi, lakini hakungoji madimbwi ya mvua. Huzaliwa katika matangi na vyombo vya maji mijini, kama yule mweusi. Kwa hivyo mfuniko wa tangi lako sasa ni kinga ya malaria pia.

Haya, tutembee. Anzia mlangoni, uzunguke upande wa kulia mpaka urudi ulipoanzia, ili usiruke mahali.

Kwanza tutazame maji ya akiba. Najua maji haya yana gharama. Umeyanunua kwa mtungi, au umepanga foleni tangu alfajiri, au mfereji hutoa maji siku moja katika juma. Siwezi kukuambia uyamwage, na wala sina haja. Ukiona viluwiluwi ndani ya pipa, chukua kitambaa safi cha pamba au kipande cha leso ukikunje mara mbili, kisha uyachuje maji kwenye chombo kingine kisafi. Viluwiluwi vilivyobaki kwenye kitambaa vikung'ute juu ya mchanga mkavu penye jua. Vitakufa mara moja, kwani haviwezi kuishi nje ya maji. Maji ya kunywa yachemshe kama kawaida. Usitegemee dawa ya kutibu maji ya kunywa ikuondolee viluwiluwi, kwa kuwa kipimo chake hakitoshi kuviua.

Pipa likiwa tupu, usilijaze tena kabla ya kulisugua. Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa na yule mbu mweusi. Yeye hatagi mayai yake ndani ya maji. Huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya pale maji yalipofikia. Mayai hayo ni madogo na meusi, ukiyaona utadhani ni masizi. Na yana uvumilivu wa ajabu: yanaweza kukaa makavu kwa miezi mingi bila kufa, yakingoja maji yapande. Siku utakayojaza pipa, yanaanguliwa. Kwa hivyo chukua brashi, au nyuzi za makumbi ya nazi, au kitambaa kigumu na mchanga kidogo, usugue ndani yote, hasa ule mstari wa maji. Suuza, umwage maji hayo ardhini penye jua, ndipo ujaze.

Kisha funika. Mfuniko unaoacha nafasi ya kidole ni mlango wa mbu. Kama pipa halina mfuniko wake, tumia kipande cha neti kuukuu au kitambaa chepesi, ukivute kikaze juu ya mdomo wa pipa na ukifunge kwa ukanda wa mpira wa tairi. Kitambaa kisilegee katikati, maana kikizama ndani ya maji mbu atatagia juu yake. Mitungi yenye mdomo mwembamba irudishie vifuniko vyake, na kama kimoja kimepotea, ziba kwa karatasi ya nailoni na kamba.

Pili, angalia vyombo vidogo, vile tunavyovipita kila siku bila kuviona. Sahani chini ya vyungu vya maua. Beseni lililopasuka likatupwa nyuma ya jiko. Kopo la rangi. Kiatu cha mpira. Mikunjo ya turubai au karatasi ya nailoni iliyofunika kuni. Huku kwetu Pwani, dafu likishakunywewa hutupwa wazi, na mvua moja inatosha kulijaza. Vifuu navyo ni hivyo hivyo. Vile utakavyotumia kuwashia moto vifunike chali kuelekea chini au uviweke chini ya paa, na usivyovihitaji vichome au uvizike.

Niliwahi kumtembelea bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Watoto walikuwa wakipata homa mara kwa mara, na ua wake ulikuwa umefagiwa ukapendeza. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Umekuja kutafuta mbu? Hapa huwaoni, mimi sipendi uchafu." Tukazunguka pamoja. Mapipa yake yote yalikuwa yamefunikwa. Tulipofika kwenye banda la kuku, nikainama kwenye chungu kilichovunjika ambacho kuku walikuwa wakinywea. Kilikuwa kinachemka viluwiluwi. Bibi akatazama akanyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, haya maji mimi huongeza kila siku." Ni kweli, alikuwa anaongeza. Hakuwa anamwaga. Nikamwambia, "Bibi, ukiongeza, unawalisha. Ukimwaga na kusugua, umewamaliza." Tangu siku hiyo mjukuu wake mkubwa akapewa kazi ya kumwaga na kusugua chungu cha kuku kila siku akitoka shule.

Mama, nimekupa habari hii kwa sababu ua msafi na ua usio na mbu si kitu kimoja. Ufagio hauoni viluwiluwi. Inakubidi uiname, uangalie ndani ya kila kitu kinachoweza kushika maji, hata kama ni maji ya kujaza kijiko.

Tatu, tuyaone matairi. Tairi likilala nje hushika maji kwa ndani, na hata ukilipindua maji hayatoki yote. Kama huna kazi nalo, litoe. Kama limewekwa kuzuia paa au kuwa kiti cha watoto, litoboe matundu chini ili maji yapite, au ulijaze mchanga na upande maua.

Nne, inua macho juu. Ikiwa una gata za kukinga maji ya mvua, panda au umwombe kijana apande aondoe majani yaliyoziba, kwa sababu maji hutuama humo na hakuna anayeyaona. Tangi lifungwe vizuri juu, na lile bomba la kutolea maji yaliyozidi lizibwe kwa kipande cha wavu.

Tano, ardhi. Mashimo ya udongo yafukie kwa mchanga na mawe hadi yawe sawa na ardhi. Kama shimo ni kubwa mno, chimba mfereji mdogo maji yapate njia. Pale unapofulia na kuoshea vyombo, usiache maji yatuame. Chimba shimo ulijaze mawe na kokoto ili maji yazame chini, au yaelekeze kwenye migomba na mboga zako.

Sita, choo. Tundu la choo cha shimo liwe na mfuniko, nalo bomba la kutolea hewa livishwe wavu juu. Mashimo ya maji machafu yafunikwe, na nyufa zake zizibwe kwa simenti. Pale Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walimwaga vipande vidogo vyepesi vya plastiki nyeupe, kama vile vinavyofungiwa vyombo vya umeme, juu ya maji ya vyoo vya shimo. Vikaelea vikafunika maji yote, mbu wakakosa mahali pa kutaga na viluwiluwi vikakosa hewa. Watu wakapewa pia dawa za matende, na mbu na ugonjwa vikapungua sana. Hata kama hatuna vipande hivyo, somo tumelipata: mbu akikosa uso wa maji hana maisha.

Na wale wenye mabirika makubwa ya maji yasiyo ya kunywa, kama yale ya bafu za nyumba za kale za Lamu, wakumbuke walivyofanya wazee. Walikuwa wakiweka samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi. Ni dawa isiyo na sumu, na inafanya kazi hadi leo.

Sasa niseme machache juu ya mambo ambayo husemwa sana lakini hayatusaidii tunavyodhani.

La kwanza ni kufyeka nyasi. Kila mvua ikianza tunaambiwa tufyeke. Nyasi fupi ni nzuri, zinafukuza nyoka, na mbu hupunguziwa kivuli cha kupumzikia. Lakini mbu hazaliwi katika nyasi, anazaliwa katika maji. Ukifyeka halafu ukaacha makopo yaliyokuwa yamefichwa na nyasi, hujafanya kitu. Fyeka ili uone makopo, kisha uyaokote.

La pili ni moshi. Mrihani dirishani au majani ya mwarobaini motoni yanaweza kuwasumbua mbu kwa muda, lakini moshi ukiisha wanarudi. Tena moshi katika chumba alicholala mtoto mchanga unaumiza mapafu yake. Usimwache mtoto alale ndani ya moshi, uwe wa majani au wa dawa ya mbu ya kuwasha.

La tatu ni sumu. Tafadhali usimwage dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya shamba wala oili chafu ya gari kwenye maji ya nyumbani. Sumu hiyo itamfikia mtoto au kisima kabla ya kumfikia mbu. Ikiwa kuna bwawa au mtaro mkubwa unaohitaji dawa, mwambie afisa wa afya ya umma wa eneo lenu. Yeye anajua dawa gani itumike na kwa kipimo gani.

Wako akina mama wanaoishi katika ploti, nyumba nyingi zikizunguka ua mmoja. Wananiuliza, "Nikisafisha kwangu na jirani asisafishe, si nimejichosha bure?" Mbu mweusi haruki mbali. Wengi wao huishi na kufa karibu na mahali walipozaliwa. Maana yake ni kwamba anayekuuma mchana huenda amezaliwa ndani ya ua huo huo. Hiyo ni habari njema, kwa sababu ploti moja ikiamua, itaona mabadiliko. Lakini mwendee jirani kwa heshima. Usiende kumwambia, "Pipa lako linatuletea ugonjwa." Mwambie, "Mama fulani, habari ya asubuhi. Leo Jumamosi nazunguka kuangalia viluwiluwi kwangu, njoo tuangalie pamoja, kisha twende kwako." Mkiwa wawili, wa tatu atakuja. Mnaweza kupangiana zamu, kila Jumamosi nyumba moja ihakikishe ua wote umekaguliwa.

Watoto nao wana macho mazuri kuliko yetu. Wape kazi ya kutafuta viluwiluwi, anayeona kwanza apigiwe makofi. Lakini mtoto mdogo asiachwe peke yake karibu na pipa au birika lenye maji, kwani anaweza kutumbukia.

Sasa nirudi kwenye neti kama nilivyoahidi. Mbu wa malaria anaweza kuruka mwendo mrefu kutoka mtoni au kwenye mpunga hadi kwako. Kwa hivyo hata ua wako ukiwa mkavu kabisa, lala ndani ya neti yenye dawa kila usiku, wewe na watoto, hasa wenye umri chini ya miaka mitano na mama mwenye mimba. Ifue kwa sabuni ya kawaida, uianike kivulini, na uishone ikitoboka. Na mtoto anayelala mchana, mlaze ndani ya neti pia, kwa sababu ya yule mbu mweusi asiyengoja usiku. Mama mja mzito, anza kliniki mapema. Katika sehemu zenye malaria nyingi utapewa neti na vidonge vya kukukinga wewe na mtoto.

Na homa ikija? Hapa nakusihi unisikilize vizuri. Si kila homa ni malaria, na huwezi kuijua kwa kushika paji la uso. Mpeleke mtoto apimwe siku hiyo hiyo, asikae nyumbani kungoja kesho. Kipimo ni tone moja la damu kidoleni. Ikiwa ni malaria, atapewa dawa, nawe mpe dozi yote hadi mwisho hata kama ameanza kucheza. Ikiwa kipimo hakionyeshi malaria, usinunue dawa ya malaria dukani ukajaribu bahati. Muulize muuguzi au daktari ni nini kingine. Huenda ni dengue, au nimonia, au ugonjwa mwingine unaotaka tiba yake.

Kwa homa ya dengue hakuna dawa ya kuua ugonjwa wenyewe. Mgonjwa hupumzika, hupewa maji na vinywaji kwa wingi, na parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, maana zinaweza kumfanya atokwe na damu. Tena kuna mtego mmoja. Hatari ya dengue mara nyingi huja wakati homa inashuka, siku ya tatu hadi ya saba. Mama huona mwili umepoa, akafurahi, kumbe mtoto anazidiwa. Mikono na miguu ikiwa baridi, tumbo likiuma sana, akitapika bila kukoma, akitokwa damu puani au kwenye fizi, akilegea au akikosa utulivu, kimbia hospitalini.

Na kwa homa yoyote ya mtoto, usingoje ukiona degedege, ukiona hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, anapumua kwa shida au amelala tu haamki vizuri. Hizo ni dalili za hatari. Nenda usiku huo huo, hata kama ni kwa kubebwa na pikipiki ya jirani.

Mama msikilizaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nusu saa ya Jumamosi moja ni kidogo ukiilinganisha na usiku mmoja wa kukaa kitandani na mtoto anayetetemeka, nauli ya hospitali, na siku za kazi ulizopoteza. Huhitaji pesa kuianza kazi hii. Unahitaji brashi, kitambaa, na siku moja uliyoichagua.

Kabla sijakuaga, turudie kwa ufupi.

1. Chagua siku moja ya juma. Zunguka ua wote, usiruke juma hata moja.
2. Maji yasiyo na kazi, yamwage. Maji ya akiba, yachuje na kuyafunika bila kuacha nafasi.
3. Sugua ndani ya pipa na mtungi kabla ya kujaza tena.
4. Kusanya makopo, vifuu, madafu na matairi. Yazike, yatoboe au uyaweke mahali pakavu.
5. Fukia mashimo, zibua mitaro, funika choo.
6. Lala ndani ya neti kila usiku, na mtoto hata mchana.
7. Homa ikija, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo.

Ukimaliza kunisikiliza, nenda ukachungulie chombo kimoja tu, kile ambacho hujawahi kukiangalia. Inama, utazame kwa utulivu. Ukiona vidudu vinacheza, utajua pa kuanzia.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto na jinsi ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani. Nakutakia siku njema pamoja na jamaa yako. Kwaheri ya kuonana.